Mwanafunzi, Mkutubi na Mashine: Historia ya Mafunzo ya Maktaba katika Vyuo vya Marekani

Katika mwaka wa 1966 yalichapishwa Marekani maandishi mawili yasiyokuwa na uhusiano wowote baina yao. Ya kwanza ni makala yaliyotoka mwezi wa Januari katika jarida la chama cha wataalamu wa kompyuta. Mwandishi wake, Joseph Weizenbaum, aliyekuwa mwalimu katika Massachusetts Institute of Technology, alieleza humo programu aliyoipa jina la ELIZA, ambayo mtu aliweza kuandikiana nayo kana kwamba anazungumza na mwenziwe. Ya pili ni kitabu cha Bibi Patricia Knapp, mkutubi, kilichoeleza majaribio yaliyofanywa katika Monteith College, chuo kidogo kilichokuwa ndani ya Wayne State University mjini Detroit, ili kuwafundisha wanafunzi namna ya kuitumia maktaba. Ilipita miaka hamsini na sita kabla ya mambo haya mawili kukutana. Yalipokutana, mwishoni mwa mwaka wa 2022, ilidhihirika kwamba swali la Bibi Knapp lilikuwa halijapata jibu, na kwamba uzao wa mashine ya Weizenbaum umelifanya kuwa zito kuliko lilivyokuwa.

Swali lenyewe ni hili: mwanafunzi aingiapo maktaba afundishwe nini? Afundishwe mahali kitu kilipo, au afundishwe kwa nini kitu hicho kiaminiwe? Historia ya mafunzo ya maktaba katika vyuo vya Marekani ni historia ya majibu mawili hayo, jinsi yalivyopokezana.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa mwanafunzi wa chuo cha Marekani hakuwa na haja kubwa ya maktaba. Alipewa kitabu kimoja na mwalimu, akakikariri, akasikilizwa darasani. Maktaba nyingi za vyuo zilifunguliwa kwa saa chache tu katika juma. Waliotaka kusoma zaidi walitegemea vyama vyao vya mijadala, ambavyo vilikuwa na vitabu na majarida yao wenyewe. Ilikuwa katika maktaba ya chama cha namna hiyo, huko Yale, ambapo William Frederick Poole, naye mwanafunzi bado, aliwaona wenzake wakihangaika kutafuta hoja ndani ya majarida ya zamani yaliyojaa rafuni bila ya mwongozo. Akatunga faharasa ya mambo yaliyomo, nayo ikachapishwa mwaka wa 1848. Ilipanuliwa mwaka wa 1853, ikapanuliwa tena mwaka wa 1882 kwa msaada wa wakutubi wengi wa Marekani na Uingereza waliogawana kazi.

Mwaka wa 1876 ulileta mambo mengine mawili. Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya Amherst College, alichapisha kijitabu cha kurasa 44 kilichogawa elimu yote katika makundi kumi, na kila kundi katika mengine kumi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wakutubi walikutana Philadelphia wakaunda chama chao. Mwaka wa 1901 Library of Congress ilianza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizopigwa chapa, na toka hapo kabati la kadi likawa ndio mlango wa maktaba ya chuo kwa muda wa vizazi vitatu.

Kadi ile yastahili kuangaliwa kidogo, kwa sababu tabia yake ndiyo itakayoeleza yaliyotokea baadaye. Haikuwa na maneno mengi: jina la mwandishi, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapwa, idadi ya kurasa, na namba ya rafu. Lakini aliyeiandika alikuwa na kitabu mkononi. Aliweza kukosea herufi ya jina, au kukiweka kitabu cha nahau katika kundi la mashairi. Na kitabu chenyewe kiliweza kuwa kimejaa uongo. Hata hivyo kadi ilikuwa ni ushahidi kwamba mtu fulani, siku fulani, alikishika kitabu hicho. Mwanafunzi aliyeifuata kadi mpaka rafuni hakuambiwa ukweli uko wapi, bali aliambiwa kitabu kiko wapi, na hilo lilikuwa kweli karibu daima.

Wakutubi wachache waliona mapema kwamba kuonyesha rafu hakutoshi. Azariah Root, mkutubi wa Oberlin College katika jimbo la Ohio tangu mwaka wa 1887 hadi 1927, aliwafundisha wanafunzi wake darasani habari za kutumia maktaba, historia ya vitabu vilivyochapwa, na marejeo ya kila fani. Lakini vyuo vingi havikumfuata. Mkutubi aliendelea kuhesabiwa kuwa mtunza ghala, na mafunzo ya maktaba yakawa ni matembezi ya saa moja katika juma la kwanza la mwaka: hapa kamusi, pale majarida, kule chooni.

Hali hiyo ndiyo Bibi Knapp aliyoikuta. Katika utafiti wake wa awali, uliochapishwa mwaka wa 1959, alionyesha kwamba masomo machache tu ya chuo ndiyo yaliyoleta sehemu kubwa ya vitabu vilivyoazimwa, na kwamba mwanafunzi aliweza kumaliza masomo mengine kwa salama bila ya kuijua maktaba. Basi Monteith ilipofunguliwa mwaka wa 1959, yeye na wenziwe walipata nafasi ya kujaribu njia nyingine toka mwaka wa 1960 hadi 1962. Hawakuanzisha somo la maktaba. Walikaa pamoja na walimu wa masomo, wakatunga mazoezi ambayo hayangefanyika bila ya kuingia maktaba na kuchagua.

Nadharia ya Bibi Knapp ilikuwa kwamba maktaba ni mtandao wa njia ambazo wataalamu wamezikata wao wenyewe kwa kuandikiana, kujibizana na kunukuliana. Habari huanza katika maabara au nyaraka, ikaingia katika jarida, ikatajwa katika muhtasari, ikakusanywa katika bibliografia, na mwisho ikapata mistari michache katika ensaiklopidia. Mwanafunzi ajuaye safari hiyo aweza kuifuata kwa kurudi nyuma. Akikuta mistari michache katika ensaiklopidia, atajua kwamba iko hati mahali fulani, na atajua hatua za kuifikia. Asiyeijua ataishika mistari ile kana kwamba ndiyo hati.

Majaribio hayo hayakufaulu yote. Zoezi lisiloshikamana na somo, wanafunzi waliliona ni mzigo usio na maana, na walimu wengine hawakuona sababu ya kumpa mkutubi nafasi katika ratiba yao. Lakini fikira ilienea. Katika Earlham College, jimbo la Indiana, Evan Farber, aliyekuwa mkutubi mkuu toka mwaka wa 1962 hadi 1994, aliijenga kazi yake yote juu ya msingi huo huo: mafunzo ya maktaba yatolewe wakati mwanafunzi ana insha ya kuandika, wala si kabla.

Wakati huo huo vyombo vya kutafutia vilianza kubadilika. Mwaka wa 1971 maktaba za Ohio zilianza kuandika vitabu vyao katika kompyuta moja iliyoshirikiwa. Mwaka wa 1974 Paul Zurkowski, aliyekuwa mkuu wa chama cha wenye makampuni ya habari, aliiandikia tume ya taifa ya maktaba taarifa ambamo alitumia msemo mpya: kwamba mtu wa zama hizi, mbali na kusoma na kuandika, apaswa kuwa na elimu ya kutumia habari. Msemo huo ulishika. Mwaka wa 1989 kamati ya American Library Association iliueleza kuwa ni uwezo wa kutambua wakati habari inapohitajika, kisha kuitafuta, kuipima na kuitumia ipasavyo. Mwaka wa 2000 chama cha maktaba za vyuo kiliupangia viwango vitano. Mwaka wa 2016 kiliviacha viwango hivyo, kikakubali mwongozo wa namna nyingine, wenye fikira kuu sita. Mmoja katika misingi yake ni kwamba elimu ni mazungumzo yanayoendelea baina ya wataalamu. Msomaji wa kitabu cha Bibi Knapp hawezi kukosa kuutambua ukoo wa fikira hiyo.

Kufikia hapo kabati la kadi lilikuwa limekwisha kuondoka. Kadi za mwisho za ushirika ule wa Ohio zilipigwa chapa mwezi wa Oktoba, 2015. Mwanafunzi alikuwa na intaneti, na kurasa za intaneti hazikuandikwa na mtu mwenye kitabu mkononi. Wakutubi walitunga orodha za maswali ya kuuliza mbele ya kila ukurasa. Iliyojulikana zaidi ilitoka California State University, Chico, mwaka wa 2004. Orodha hizo zilimtaka msomaji autazame ukurasa kwa makini: tarehe yake, mwandishi wake, kusudi lake.

Mwaka wa 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew, wa Stanford, walionyesha upungufu wa njia hiyo. Waliwakalisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya udaktari, wahakiki wa habari 10 wa magazetini, na wanafunzi 25 wa Stanford. Wanafunzi, na hata wanahistoria wengi, waliusoma ukurasa toka juu hadi chini, wakahadaika na nembo nzuri na majina yenye sauti ya kitaalamu. Wahakiki hawakukaa. Waliuacha ukurasa mara moja, wakaenda kutazama wengine wanasema nini juu ya mwenye ukurasa huo, ndipo wakarudi. Walifika kwenye jibu lililo sahihi zaidi, kwa muda mfupi zaidi. Watu walioitumia miaka yao yote katika kupima hati za kale walishindwa na waandishi wa habari, kwa sababu ujuzi wao wa kusoma kwa makini uliwafunga mahali ambapo haukuwafaa.

Hapo ndipo mashine ya maneno ilipoingia. ELIZA ya Weizenbaum ilikuwa kitu chepesi. Ilitafuta neno kuu katika sentensi ya mtu, ikaligeuza kuwa swali: aliyemtaja mama yake aliombwa aseme zaidi juu ya jamaa zake. Jina lake lilitokana na msichana katika mchezo wa Bernard Shaw, ambaye alifundishwa kusema kwa lafudhi ya watu wakubwa. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba karani wake, aliyemwona akiitengeneza mashine hiyo kwa miezi mingi, alipoanza kuandikiana nayo alimwomba atoke chumbani. Jambo hilo lilimshtua. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1976 alionya kwamba watu wako tayari mno kudhani kuwa kilicho na maneno ya kufahamu kina ufahamu, na kwamba ziko kazi ambazo mashine haipasi kupewa hata kama inaziweza.

Chatboti za leo, zitokanazo na kile ambacho Waswahili wa Tanzania wamezoea kukiita akili mnemba, zimejengwa kwa njia nyingine kabisa, iliyotokana na ugunduzi uliochapishwa mwaka wa 2017. Programu husomeshwa maandishi mengi kupita kiasi, ikajifunza kukisia neno gani hufuata neno gani. Ikiulizwa, hujibu kwa kukisia neno baada ya neno. Ufasaha wake ni wa kweli, na mara nyingi husema yaliyo sahihi, kwa sababu maandishi iliyosomeshwa yana mengi yaliyo sahihi. Lakini kwa asili yake haina kabati la kadi. Ikiombwa marejeo hutunga maneno yenye umbo la marejeo: jina la mtaalamu ambaye kweli huandika katika fani hiyo, jarida ambalo kweli lipo, mwaka unaoelekea, na namba za kurasa, lakini makala yenyewe huenda hayakuandikwa na mtu yeyote.

Onyo la kwanza lilikuja mapema. Tarehe 15 Novemba, 2022, kampuni ya Meta ilitoa programu iitwayo Galactica, iliyosomeshwa maandishi ya kisayansi kwa mamilioni, ili iwasaidie watafiti. Wataalamu waliijaribu wakaona inatunga makala na marejeo yasiyokuwepo, nayo ikaondolewa ndani ya siku tatu tangu kutolewa. Tarehe 30 ya mwezi ule ule kampuni ya OpenAI ilitoa ChatGPT. Hiyo haikuondolewa. Mwaka uliofuata wakutubi wa vyuo walianza kupokea maombi ya namna wasiyoizoea: mwanafunzi huleta orodha ya makala, mkutubi huyatafuta kutwa nzima, asiyapate. Mwezi wa Juni, 2023, jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja iliyonukuu kesi ambazo hazikupata kuamuliwa. ChatGPT ndiyo iliyozitunga; na wakili mmoja alipoiuliza kama ni kesi za kweli, ilimhakikishia kwamba ni za kweli.

Haki yataka isemwe kwamba marejeo ya uongo hayakuanza na mashine. Mwaka wa 2017 Anne-Wil Harzing aliandika habari za makala juu ya sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, yaliyonukuliwa na watafiti karibu mara 400. Makala hayo hayapo. Yalikuwa mfano tu, uliowekwa na mchapishaji katika maelekezo yake kwa waandishi ili kuonyesha mahali pa nukta na mkato. Wengi wakausahau ndani ya kazi zao, na wengine yumkini wakaunakili bila ya kuufungua. Mtu anayenukuu asichokisoma amekuwepo siku zote. Lakini zamani alihitaji angalau kukuta jina mahali fulani. Sasa jina hutungwa kwa ajili yake, kwa kadiri ya haja yake, na likitungwa hufanana na kile alichotumaini kukikuta.

Wenye makampuni walijitahidi kuurekebisha upungufu huo kwa kuzipa chatboti uwezo wa kutafuta katika intaneti na katika hazina za makala kabla ya kujibu. Dawa hiyo imesaidia, lakini haijaponya. Mwezi wa Machi, 2025, Tow Center ya Columbia University ilitoa matokeo ya jaribio la zana nane za namna hiyo. Ziliulizwa maswali 1,600 kuhusu asili ya dondoo zilizotolewa katika habari za magazeti, na zaidi ya asilimia 60 ya majibu hayakuwa sahihi, ingawa mengi yalitolewa bila ya dalili ya mashaka. Tena limezuka kosa jingine lililo gumu kulitambua: makala yapo, mwandishi yupo, namba za kurasa ni sahihi, ila makala hayasemi lile linalodaiwa. Kosa la kwanza hugunduliwa kwa kutafuta. La pili halitagunduliwa ila kwa kusoma.

Kwa wanafunzi wa lugha ya Kiswahili jambo hili lina uzito wake wa pekee. Waliotengeneza GPT-3, programu iliyoitangulia ChatGPT, walieleza mwaka wa 2020 kwamba kiasi cha asilimia 93 ya maneno waliyoisomesha yalikuwa ya Kiingereza. Lugha nyingine zote za dunia ziligawana asilimia saba iliyobaki. Na fasihi ya Kiswahili ya zamani ina tabia inayowatatiza hata wataalamu. Utendi wa Tambuka ndio uitwao pia Chuo cha Herekali. Hati yake iliyoko Hamburg ina tarehe ya mwaka wa 1141 wa Hijra, yaani 1728. Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ilitolewa na W. E. Taylor ndani ya kitabu cha nahau cha Stigand mwaka wa 1915, kisha ikatolewa na William Hichens mwaka wa 1939, na matoleo hayo hayalingani. Mwanafunzi asemaye kwamba ubeti fulani umo katika Inkishafi yampasa aseme umo katika toleo gani, limetokana na hati gani. Jibu laini lisilotaja toleo, hata likiwa sahihi, halimpi chochote anachoweza kujengea.

Wanazuoni wa pwani walilijua jambo hilo zamani, kwa jina jingine. Aliyesomesha kitabu alitaja alikisoma kwa nani, na huyo alikisoma kwa nani, mpaka kwa mtunzi. Na aliyepewa ijaza alipewa pamoja na sanad yake. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri asiyeweza kutaja mwalimu wake hakupewa nafasi ya kusomesha. Chatboti ni msomaji mwenye kumbukumbu kubwa kupita wote na asiye na sanad, na hiyo ndiyo sababu mkutubi hawezi kuipokea kama alivyoipokea faharasa ya Poole.

Hata hivyo haifuati kwamba ni ya kukataliwa. Maktaba nyingi za vyuo vya Marekani zimechagua njia ya katikati, na njia hiyo inafanana kwa ajabu na ile ya Monteith. Mwanafunzi huruhusiwa kuiuliza mashine mwanzoni, apate istilahi za fani, majina mengine ya jambo analolitafuta, na mgawanyo wa maswali yake. Kazi ambayo ni nyepesi kuisahihisha. Kisha huondoka kwenye mashine, kama wahakiki wale wa Stanford walivyoondoka kwenye ukurasa, akaingia katika orodha ya maktaba na hazina za majarida, akalitafuta kila jina alilopewa. Lisilopatikana hufutwa. Lililopatikana hufunguliwa na kusomwa. Katika vyuo vingine mwalimu huwapa wanafunzi orodha ya marejeo iliyotungwa na mashine, wakaambiwa watenge ya kweli na ya uongo na waeleze wamejuaje. Wafanyapo zoezi hilo hulazimika kujifunza jarida ni nini, juzuu ni nini, makala hupitia mikono gani kabla ya kuchapwa, na nani aliyemjibu nani. Mambo yale yale ambayo Bibi Knapp alitaka yafundishwe.

Taabu iliyobaki ni ile aliyoikuta yeye pia: zoezi lahitaji mwalimu wa somo na mkutubi wakae meza moja, nayo ni kazi ya saa nyingi. Chuo kinachodhani kwamba mashine imepunguza haja ya mkutubi kitaipunguza kazi hiyo wakati ule ule inapohitajiwa zaidi. Bibi Knapp alifariki mwaka wa 1972, na Weizenbaum mwaka wa 2008, wala hakuna katika wawili hao aliyewahi kuiona ChatGPT. Lakini mmoja alikuwa amekwisha kuonya kwamba maneno ya kufahamu yaweza kutoka pasipo na ufahamu, na wa pili alikuwa amekwisha kuonyesha namna mwanafunzi awezavyo kuzifuata nyayo za neno mpaka afike kwa aliyelisema kwanza.